Plagi ya Sao Hill na Plagi ya Chimala

Mpendwa mtani wangu Komba,

Juzi tumekuzika, na kazi yangu nimeifanya yote kama desturi inavyotaka. Walipotaka kuteremsha jeneza niliwahi mbele nikakaa ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani, nikasema Mngoni huyu haingii kwenye udongo wa Wahehe mpaka nipewe jogoo. Watu wa Iringa wanayajua mambo hayo, wakaanza kunibembeleza. Padri mwenyewe aligeukia pembeni asionekane anacheka. Jogoo alipokuja nilisimama, nikaomba kimya, nikasema neno nililolibeba kifuani tangu ujana wetu. Nikasema, "Huyu mnayemzika ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa nampa spana tu."

Walicheka, mtani. Walicheka mpaka mama mmoja wa kwaya akashika mti. Binti yako Getruda, ambaye alikuwa analia tangu asubuhi, alicheka huku machozi yakiendelea kumtoka, akanishika mkono akasema, "Mtani, hata leo?" Nikamwambia sitanii. Akacheka zaidi. Kadiri nilivyokaza sura ndivyo walivyoona kwamba mzee Luka leo kafika, utani wake una ladha kweli kweli. Nikarudi nyumbani na jogoo wangu kwapani, na ile kweli yangu ikiwa palepale kifuani.

Nimeona hakuna njia nyingine ila kuandika. Utani ni kazi ya mdomo. Sijapata kuona mtu akiketi na kalamu akatania kurasa nzima, halafu akatia sahihi chini. Barua hii Getruda ataisoma kwa sauti pale gerejini, mbele ya vijana wote wanaoniita mwalimu, kisha itabandikwa ukutani juu ya meza ya vifaa. Nataka wajue ni nani aliyelitibu lile gari la kijivu.

Unakumbuka siku uliyofika Mbeya? Ilikuwa miaka ile ya hamsini mwanzoni, mvua ya mawe imetoka kupiga, nawe umeshuka kwenye lori la Njombe umejitanda gunia, meno yanagongana. Tajiri wetu, yule Mhindi mwenye gereji, alikuuliza unajua kazi gani, ukamjibu unajua kazi zote isipokuwa kuvumilia baridi. Mimi nilikuwa chini ya gari naona miguu yako tu. Nikauliza kabila gani huyo. Uliposema Mngoni nilitoka chini ya gari kwa haraka ambayo tajiri hakuwahi kuiona kwangu, nikakupaka grisi usoni. Hukushtuka hata kidogo. Ulichota grisi ileile ukanirudishia, ukamwambia tajiri kwamba sasa umefika nyumbani, maana babu zako waliwahi kuwakimbiza babu zangu wakaacha vyungu vinachemka mekoni. Nami nikasema waliokimbia ni wa kwenu, na hata vyungu vilikuwa vya kwenu. Tajiri alidhani tutauana, akaanza kukusanya spana na nyundo na kuzifungia kabatini.

Kanuni ya utani tuliijua wote wawili bila kufundishana. Mtani akisema, unacheka, unamjibu kwa neno kubwa zaidi, basi. Hukasiriki, na wala hukai ukapima maneno yake. Wiki ile ile ya kwanza nilikuwa nachomelea bomba la moshi, ukaniambia, "Mhehe, unaungua." Nikakujibu Mhehe haungui, anaiva. Ukarudia, umesimama na ndoo ya maji mkononi. Nikacheka tena. Ukweli niliujua niliposikia harufu ya sweta langu, na hapo ndipo uliponimwagia ndoo nzima, kwa furaha ambayo sijaisahau mpaka leo. Ningepata akili siku ile, nisingekuwa na barua ya kukuandikia.

Kisha likaja gari la kijivu. Lilikuwa la bwana mmoja Mzungu mwenye shamba la kahawa, milango miwili, pua ndefu, na alilinunua pwani ambako alisema lilikuwa likipaa. Wenye magari wa nyanda zetu walikuwa wamekubaliana kushindana kutoka Iringa mpaka Mbeya. Kila gari lingeondoka kwa dakika zake, na saa ndiyo ingeamua. Bwana alilileta kwetu tulitie nguvu. Tajiri naye wakati huo alikuwa anajiandaa kufungua gereji ya pili Iringa, akaniambia mbele yako: gari hili likishinda, fundi mkuu wa Iringa ni wewe, Luka, likishindwa, nitamleta mtu kutoka Dar es Salaam.

Wewe ndiye peke yako uliyejua neno lile lilinigusa wapi. Mama yangu alikuwa anaishi mwenyewe kule Iringa, jirani na Tosamaganga, na ukungu ulikuwa umeanza kumfunika macho. Barua zake alikuwa anaandikiwa na mwalimu wa misheni, na kila barua ilimalizika kwa swali moja, kama nitarudi angali anaona. Nilikuwa nakupa uzisome kwa sababu mimi nikifika hapo herufi zilikuwa zinacheza. Sikutaka cheo, mtani. Nilitaka kuingia mlangoni kwa mama yangu aniangalie usoni aseme nimekonda.

Basi tulilishukia gari lile kama watu waliotumwa. Tulifungua injini yote. Tulisugua njia za hewa kwa msasa mpaka zikawa laini kama ndani ya kikombe, tukaweka valvu sawa, tukatia plagi mpya, tukaondoa kila kilicho kizito. Hata kiti cha nyuma nilitaka kukitoa, ukanikatalia, maana ulijua atakayekikalia ni wewe. Nakumbuka jinsi tulivyokuwa tunaimba, kila mtu lugha yake, na tajiri akija kuchungulia akidhani tumelewa.

Lakini gari likawa zito. Likiwa limesimama linanguruma vizuri, ila ukilikanyaga kwenye mlima linaitika kwa kuchelewa. Hapo nikatoa hukumu yangu, nikiwa nimeshika kiuno kama mkuu wa wilaya. Nikasema injini hii ina njaa. Mtu mwenye njaa anapewa ugali, injini inapewa petroli. Nikafungua kabureta, nikaitoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba linaloipimia injini petroli yake, nikaitia keekee nikalipanua lile tundu. Tulipowasha, bomba likatoa moshi mweusi, mzito, unaokaa hewani. Nikafurahi. Malori pale Uyole yakipanda kwa nguvu yanatoa moshi, na kwangu mimi moshi na nguvu vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Wewe ulisimama nyuma ya bomba muda mrefu. Kisha ukafungua plagi moja ukaniletea imelala kiganjani. Ilikuwa nyeusi ti, imejaa masizi makavu kama kitako cha chungu.

"Mhehe," ukasema, "gari umelivimbisha tumbo. Hewa ya huku kwenu milimani haishibishi, ndiyo maana mnakula vile mnavyokula. Punguza petroli."

Vijana watakaosikia barua hii wayaangalie maneno hayo vizuri, maana yote yalikuwamo. Huku juu hewa ni nyepesi, na petroli bila hewa ya kutosha haiungui ikaisha. Inayobaki inageuka masizi, masizi yanaikalia plagi, na umeme ambao ungeruka kwenye ile nafasi ndogo ya plagi na kutoa cheche unapita kwenye masizi na kupotea. Silinda moja inakufa, kisha ya pili, na gari linaanza kuchechemea. Uliyajua hayo kwa macho yako. Uliwahi kuwa utingo wa malori ya kutoka pwani ya Lindi, ukaona plagi zinaondoka kule na rangi nzuri ya kahawia na kufika Njombe zimekuwa makaa, dereva yuleyule, petroli ileile. Hapakuwa na fundi Mbeya nzima aliyekuwa na maarifa yale, na yalikuwa yamelala kiganjani mwako mbele ya pua yangu.

Lakini mimi nilisikia "vile mnavyokula" tu. Ungekuwa mtu wa kabila lingine ningekuuliza una maana gani. Kwa kuwa ulikuwa mtani wangu, nilicheka, nikakuambia Wangoni ndio wanaojua rangi nyeusi kwa sababu hawaogi, nikachukua msasa, nikasugua plagi, nikairudisha. Kesho yake plagi zote zilikuwa nyeusi tena. Nikasema plagi ni mbovu, nikamwomba tajiri nyingine. Nazo zikawa nyeusi. Kila uliponiletea plagi ulinitafutia jina jipya, mara moyo wa Mhehe, mara jino la bibi yako, nami nikacheka kila mara, gari likizidi kunywa petroli na kukohoa.

Siku ya mashindano tuliondoka Iringa asubuhi, bwana kwenye usukani, mimi kando yake, wewe nyuma umezungukwa na matairi na madebe. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu mwanzo hadi mwisho. Sijui kama nilikuambia, lakini tulipopita ile njia panda ya kwenda Tosamaganga nilifumba macho. Kumbe na wewe ulikuwa unaniangalia, maana ulinigonga bega kwa nyuma mara moja.

Kabla ya kufika Sao Hill injini ikaanza kumisi. Pa, pa, kimya. Pa, kimya. Moshi mweusi nyuma yetu mpaka gari lililotufuata likawasha taa. Tukasimama, tukafungua plagi katika baridi ile inayokata vidole, tukazisugua, tukarudisha. Mwendo kidogo, tena. Magari mawili yakatupita, na watu wa ndani wakatupungia mikono. Masikio ya bwana yakawa mekundu. Mimi nilikuwa namwona mtu wa Dar es Salaam anashuka kwenye basi pale Iringa na sanduku lake la vifaa. Ile plagi mbaya kuliko zote uliifunga kwenye kitambaa ukaitia mfukoni, ukaweka ya akiba. Sikukuuliza kwa nini.

Tulipopita Makambako barabara ikaanza kushuka, na hapo, mtani wangu, ukafanyika muujiza. Kadiri tulivyoshuka ndivyo injini ilivyofunguka koo. Kukohoa kukaisha. Moshi ukapungua, ukaisha. Tulipofika Igawa gari lilikuwa linaimba, joto la bondeni linaingia madirishani, bwana anatabasamu, na mimi nimejaa kiti chote kwa majivuno. Nikakugeukia nikakuambia unaona, nilijua litazoea. Tukalipita gari moja kati ya yale yaliyotucheka, nikawapungia mkono kwa ustaarabu.

Chimala tulisimama kujaza maji kwenye rejeta. Wanawake walikuwa wanauza mchele kando ya barabara, bwana akashuka kunyoosha miguu na kunywa chai. Wewe hukupumzika. Ulifungua boneti ukatoa plagi, moto hivyohivyo, ukaishika kwa kitambaa. Ukanionyesha. Ilikuwa kahawia safi, rangi ya chai ya maziwa, haina hata chembe ya masizi. Mimi nikaanza kucheka kwa ushindi.

"Luka," ukasema.

Nikaacha kucheka. Tangu siku ya grisi hukuwahi kuniita kwa jina langu. Nilikuwa Mhehe, nilikuwa mla nini sijui, nilikuwa mtoto wa waliokimbia. Sikujua hata kama jina langu unalikumbuka.

"Luka, sasa sitanii. Gari halijazoea kitu. Hapa Chimala ni chini, hewa ni nzito, imetosha kuunguza ile petroli yako nyingi. Mbele yetu kuna mlima wa Uyole. Tukianza kupanda litakufa kama asubuhi. Na mama yako anakungoja."

Hilo la mwisho ulilisema kwa sauti ndogo, umeangalia plagi. Kisha ukafungua pindo la kitambaa chako. Ndani palikuwa na jeti nyingine, uliyoiziba kwa risasi ya kulehemu na kuitoboa upya kwa sindano, tundu lake dogo kuliko hata lile la mwanzo kabla sijaliharibu. Ulikuwa umeitengeneza siku tatu nyuma. Siku tatu umetembea na dawa mfukoni, unangoja Mhehe amalize kucheka.

Ubaya wake pia hukunificha. Kwa hewa nzito ya Chimala tundu lile lilikuwa dogo mno. Injini ingekosa petroli, ingepata joto, plagi zingegeuka nyeupe na pistoni ingeweza kutoboka. Kwa hiyo mpaka tuanze kupanda, bwana asikanyage kabisa. Tuende kama watu wanaosindikiza maiti huku tunashindana. Nikakuuliza kama una hakika. Ukasema hujawahi kuwa na hakika ya kitu chochote isipokuwa baridi ya Mbeya, na hapo tukacheka wote wawili. Ile plagi ya kahawia ukaifunga pamoja na ile nyeusi, ukaweka mpya mahali pake. Kabureta ulikuwa umeshaifunga kabla bwana hajamaliza chai.

Sasa sikiliza sehemu hii, kwa sababu hukuwahi kuizungumzia hata siku moja. Tulipoondoka polepole na magari yakaanza tena kutupita, bwana alikasirika. Akapiga usukani kwa kiganja, akauliza ni nani aliyeamua mambo haya. Nikamwambia, "Ni mimi, bwana."

Wakati ule nilijiambia nakukinga. Tukishindwa, aliyeshindwa niwe mimi, wewe ubaki na kazi yako. Labda robo yake ilikuwa kweli. Nilikusikia nyuma ukikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyemeza vumbi, kisha ukaanza kupanga matairi ambayo yalikuwa yamepangika.

Tulipopita Igurusi barabara ikainua kichwa. Ukasema, "Sasa." Nikamwambia bwana sasa. Akakanyaga. Mtani, mpaka leo nikikumbuka mgongo wangu unasisimka. Gari liliruka kama limechomwa na nyigu. Nilikuwa nimeshalizoea lile la kuitika kwa kuchelewa, na hapa linajibu kabla hujamaliza kuuliza. Kona ya kwanza, ya pili, mlima unazidi kuwa mkali na injini inazidi kuwa tamu, hakuna moshi, hakuna kumisi, sauti moja iliyonyooka. Mbele yetu tukaanza kuona mawingu meusi barabarani, moja baada ya jingine, na ndani ya kila wingu kulikuwa na gari linakohoa. Waliokuja wamejitengeneza kwa ajili ya bonde walikuwa wanakufa na masizi yao mlimani. Tulimpita wa kwanza. Tulimpita wa pili, yule aliyetupungia mikono Sao Hill, nawe ukatoa mwili nusu nzima dirishani ukamsalimia Kingoni, salamu ndefu kabisa yenye kuuliza mifugo na wajukuu. Bwana alikuwa anacheka peke yake. Mimi nilikuwa napiga paja langu kwa ngumi na kusema ehee, ehee, kama mtu anayeswaga ng'ombe.

Uyole watu walikuwa wamejaa pande zote za barabara, wanawake wa sokoni wamesimama juu ya magunia ya viazi wapate kuona. Tulipita katikati ya kelele zile sijui kwa mwendo gani. Na tulipoingia Mbeya mjini, yule mshika saa alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

Tulikuwa wa kwanza. Tajiri alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baadaye. Bwana wa kahawa akamwambia kila mtu kwamba fundi huyu, mimi, nililitibu gari Chimala kama daktari, kwa dakika kumi. Nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya gari unafuta vumbi miguuni. Ukaniona ninavyokuangalia, ukapandisha nyusi, ukasema kwa sauti wasikie wote, "Mimi ndiye niliyemfundisha Mhehe huyu." Watu wakaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Hapo ndipo ilipoanza habari ya fundi Luka. Nilikwenda Iringa nikawa fundi mkuu. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama sana, akasema nimekonda. Aliniona kwa miezi kadhaa kabla ukungu haujafunga kabisa, na hakuna siku katika miezi ile ambayo sikukukumbuka. Nilimwomba tajiri anipe wewe. Ukaja, ukawa msaidizi wangu, na msaidizi ukabaki. Tajiri akaondoka, gereji ikabaki mikononi mwangu, vijana wakaja na kuondoka, na kila mmoja alisimuliwa habari ya fundi Luka na gari la kijivu. Nawe kila iliposimuliwa ulisema neno lako lilelile, kwamba wewe ndiye uliyenifundisha, ukiwa unachuja mafuta au unakunywa uji. Nao kila mara walicheka, maana nani asiyejua kuwa wale wazee wawili ni watani?

Ulisema kweli miaka yote hiyo, Komba. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Ningesema tu, jamani, hapo hatanii. Nilijua jinsi ya kulisema, kwa kuwa wewe mwenyewe ulinionyesha Chimala: unamwita mtu kwa jina lake. Nami sikukuita kwa jina lako mbele yao hata mara moja.

Jana Getruda alikuja na kopo la maziwa ya unga, la zamani, limeshika kutu. Akasema baba aliagiza hili apewe mtani. Nilifungua baada ya yeye kuondoka. Ndani palikuwa na kitambaa chako cha Chimala, na ndani ya kitambaa plagi mbili. Moja nyeusi, ya Sao Hill. Moja kahawia, ya Chimala. Na ile jeti niliyoitoboa mimi kwa keekee, tundu lake pana la aibu. Hapakuwa na karatasi. Nililia, mtani, kisha nikaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale na masizi vidoleni nikajua ungesema nini: Mhehe, sasa nani haogi?

Sasa vijana wasikilize. Plagi hizi nimezitundika ukutani kwa waya, pamoja na barua hii. Injini ikikohoa, msikimbilie kuiongezea petroli. Fungueni plagi mwitazame. Ikiwa nyeusi kavu, mmeishindilia. Ikiwa nyeupe, mmeinyima. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, iacheni, fungeni boneti, mkanawe mikono. Somo hilo mimi nililipata kwa Komba kando ya barabara ya Chimala, mtu mwenye akili kuliko mimi, akanipa na mama yangu juu yake, akaketi kiti cha nyuma. Getruda, mwanangu, sasa naamini umeacha kucheka.

Lala salama, Komba. Baridi ya huko sijui ikoje, lakini gunia lako nimeliweka tayari, nikija nitakuletea. Jogoo nimempeleka kwa mke wako; sikuweza kumla.

Wako,

Luka, msaidizi wako.